Kituo cha kulea mbwa mchana: piga hesabu kabla ya kukodi jengo

Wengi wanaoniuliza kuhusu kazi hii huanza na bei: nitoze kiasi gani kwa siku? Bei ina zamu yake. Anza na nafasi, maana huwezi kuuza siku nyingi kuliko mbwa wanaoenea.

Hatua ya 1: Pima uwanja

Pima eneo la kuchezea peke yake, bila mapokezi, stoo wala vizimba vya kupumzikia. Mimi hukadiria mita za mraba 8 kwa mbwa mkubwa. Uwanja wa mita za mraba 200 basi ni mbwa 25. Ulizia pia kanuni za mahali ulipo. Zikiweka kikomo cha mbwa wachache zaidi, fuata hicho.

Hatua ya 2: Orodhesha mtaji wa kuanzia

Amana ya pango, leseni, uzio, mageti mawili yanayofuatana ili mbwa asichoropoke mtu anapoingia, mifereji ya maji na sakafu. Kwenye sakafu usibane pesa: zege tupu hunyonya mkojo, na harufu ikishaingia haitoki. Ila sakafu na mifereji hubaki na mwenye jengo siku ukihama, kwa hiyo usianze ujenzi kabla ya kuwa na mkataba wa miaka ya kutosha unaotamka wazi kwamba mbwa wanaruhusiwa.

Bima nayo isome mwenyewe. Bima nyingi za dhima za biashara, zile za kulipia madhara unayowasababishia wengine, haziwagusi wanyama walio chini ya uangalizi wako. Muulize wakala: mbwa akijeruhiwa na mwenzake, au akitoroka, nani analipa?

Hatua ya 3: Tafuta idadi inayorudisha gharama

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu. Tuseme kila mwezi, kwa fedha yoyote unayotumia, pango ni 2,500, mishahara ya watu wawili 3,000 (mmoja ni wewe, jilipe), umeme na maji 500, bima na leseni 300, mengineyo 300. Jumla 6,600, hata asipokuja mbwa mmoja.

Ada ni 20 kwa siku. Dawa ya kusafishia, mifuko ya kinyesi na makato ya malipo ya kadi hula 5. Inabaki 15. Gawanya 6,600 kwa 15 upate 440, kisha gawanya kwa siku 22 za kazi: mbwa 20 kila siku, na hapo hujapata faida hata senti.

Sasa tuseme mhudumu mmoja anasimamia mbwa 10. Mbwa wa 21 anakulazimisha kuajiri mtu wa tatu, 1,500 nyingine. Mbwa mmoja wa kila siku huacha 330 kwa mwezi, kwa hiyo watano wa ziada wanaleta 1,650. Uwanja umejaa hadi mwisho, kelele zimejaa, na faida ni 150. Biashara hiyo usiifungue.

Pandisha ada hadi 24. Kila siku ya mbwa huacha 19, na gharama zinarudi kwa mbwa 16. Ukiwa na mbwa 20 unabakiwa na 1,760. Ukiwa na 25 na mhudumu wa tatu, 2,350. Mimi ningesimama kwenye mbwa 20. Tofauti ya 590 haitoshi kwa ugomvi wa mbwa watano zaidi, na siku mhudumu mmoja akiugua utakuwa taabuni. Kama wateja wako hawawezi kulipa 24, tafuta jengo la pango dogo.

Hatua ya 4: Weka akiba ya miezi mitupu

Kituo hakijai siku ya kufungua. Mbwa wapya huingizwa wachache wachache, kila mmoja kwa siku ya majaribio. Kwa ada ya 24, ukianza na wastani wa mbwa 4 kwa siku mwezi wa kwanza, kisha 7, 10 na 13 miezi inayofuata, upungufu wa miezi hiyo minne ni 12,188. Fedha hiyo iwe mkononi kabla ya kufungua, mbali na mtaji wa ujenzi. Ongeza ya wiki mbili za kufunga: kikohozi cha mbwa kikiingia husambaa upesi, hata kwa waliochanjwa, na pango halisubiri.

Hatua ya 5: Linda fedha za vifurushi

Mteja akinunua siku 10 kwa mpigo, hiyo ni huduma unayodaiwa. Iweke kwenye akaunti ya pembeni, uhamishe ya siku moja kila mbwa anapokuja. Andika tarehe ya mwisho ya kifurushi, na ada ya kuchelewa kumchukua mbwa jioni. Ada hiyo itoze tangu wiki ya kwanza; ukisamehe mmoja, wote watakuja saa moja usiku huku mhudumu akidai malipo ya saa za ziada.