Namna ya kuandaa chemsha bongo ya kengele za moto

Chemsha bongo nyingi za wapenzi wa kengele za moto hupima kumbukumbu tu. Mtu anaulizwa namba ya honi fulani ya Simplex, kampuni ya Marekani ya kengele za moto, anajibu 4051, anapigiwa makofi. Hata kasuku angejibu. Maswali yangu hayabahatishiki kama hujui kitu kinavyofanya kazi. Andaa hivi.

Hatua ya 1: Anza mtaani. Aprili 1852 mji wa Boston, Marekani, uliwasha mfumo wa kwanza wa mji mzima wa kutoa taarifa za moto kwa telegrafu, yaani ishara za umeme kwenye waya, kazi ya daktari William Channing na fundi Moses Farmer. Usiulize mwaka. Gonga meza mara tano, nyamaza kidogo, gonga mara mbili, kisha uliza zimamoto waende wapi. Jibu: kwenye sanduku la mtaani la kutolea taarifa za moto, namba 52. Ndani ya sanduku mlikuwa na gurudumu lenye meno. Likizunguka, meno yanaunga na kukata umeme, na namba inafika ofisini kwa midundo. Ndiyo namba iliyogongwa usiku wa 9 Novemba 1872, Boston ilipoungua.

Mwenye kujibu hilo mwongeze: masanduku ya kwanza yalizungushwa kwa mpini, mbona baadaye wakatia springi? Kwa sababu aliyeona moto huzungusha mbio, na midundo ikivurugika namba haisomeki.

Swali la mtego liweke mwisho wa hatua hii. Chicago, Oktoba 1871, magari ya zimamoto yalielekezwa kwenye sanduku 342, mbali na moto wenyewe. Ni kifaa gani kilichoharibika? Hakuna. Mlinzi wa mnarani alikosea kukadiria mahali, na alipotaka kusahihisha, mpiga telegrafu akakataa akihofia kuwachanganya watu. Wengi watataja waya, betri, kengele. Waache wataje.

Hatua ya 2: Waya. Chora paneli (sanduku la kuongozea kengele za jengo), nyaya mbili, vitambua moshi vitatu, na rizista, kile kipande kidogo kinachopunguza mkondo wa umeme, mwisho wa laini. Uliza: nikiihamishia rizista ndani ya paneli, nini kitatokea? Mkondo mdogo hupita kwenye rizista saa zote. Waya ukikatika, mkondo unatoweka na paneli inaonyesha hitilafu. Kitambua moshi kikishtuka, mkondo unapanda na kengele inalia. Rizista ikikaa ndani ya paneli, waya utakatika darini na taa ya kijani itaendelea kuwaka. Niliwahi kufungua paneli ya jengo moja nikakuta rizista zote nne zimekazwa humo humo, safi kabisa. Fundi alijipunguzia kupanda ngazi.

Hatua ya 3: Masikio. Puliza filimbi mara tatu, nusu sekunde kila mara, ukinyamaza nusu sekunde katikati. Kisha kimya cha sekunde moja na nusu, urudie. Mshindani aseme mlio huo unamwamuru nini. Jibu ni kutoka nje ya jengo.

Alama: jibu sahihi 1, maelezo sahihi 3.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, tuongezee moja la vitambua moshi.
Jibu: Miaka ya 1930 Walter Jaeger wa Uswisi alikuwa akitengeneza kifaa cha kunusa gesi ya sumu. Gesi hakikuisikia. Akawasha sigara, sindano ikacheza. Uliza kilihisi nini. Atakayesema joto, amekosa: chembe za moshi zilizuia mkondo mdogo wa umeme uliokuwa ukipita hewani ndani ya kifaa.

Swali: Kaka, nina honi ya zamani ya volti 24. Naweza kuichomeka ukutani ili ilie siku ya mashindano?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Ukutani kuna volti 230, utaiunguza na huenda nawe ukaumia. Tafuta betri mbili za volti 12, uziunge kwa mfuatano, na uhakikishe chanya na hasi haviingiliani. Na usiipige ndani ya ukumbi bila kumwarifu mwenye jengo.

Swali: Naruhusiwa kufungua kitambua moshi chenye mionzi niwaonyeshe watoto?
Jibu: Onyesha ganda la nje tu. Ndani mna amerisi-241, elementi yenye mionzi, na itachukua miaka 432 hivi ipungue nusu. Kifaa kikipitwa na wakati, hiyo bado ipo.