Injini ikizima kati ya Dar es Salaam na Unguja: kutua majini na Cessna 172

Jaketi la kujiokolea livaliwe ardhini, kabla ya kuruka. Lililo chini ya kiti ni sawa na lililobaki nyumbani. Na ruka juu kadiri unavyoruhusiwa: injini ikizima, ndege hii huteleza takriban kilomita 2.7 kwa kila futi 1,000. Futi 3,000 zinakupa kama kilomita 8 na dakika nne hivi.

Kwanza mwendo wa kuteleza: fundo (maili za baharini kwa saa) 68 kwa toleo la S, 65 kwa mengi ya zamani. Geukia ufukwe au chombo kilicho karibu, kisha jaribu kuwasha: koki ya mafuta kwenye matangi yote mawili, pampu ya akiba, mchanganyiko mzito (mafuta mengi kuliko hewa), magneto (vitoa cheche vya injini) zote mbili. Yenye kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa), vuta joto lake mapema. Unyevu wa pwani hugandisha barafu kooni mwa kabureta hata siku ya nyuzi 25, ingawa wengi hubisha. Tangaza "Mayday", wito wa dharura, mara tatu kwenye masafa ya redio unayotumia au ya dharura, 121.5, weka transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada) 7700, washa na kitoa ishara za dharura sasa hivi, maana kikizama hakisikiki.

Ukishuka chini ya futi 1,000, achana na injini. Kusi likivuma kwa nguvu, tua ukilikabili. Upepo ukiwa mdogo na mawimbi marefu, tua sambamba na migongo ya mawimbi. Kulivaa wimbi usoni ni kama kugonga ukuta. Ukiona ngalawa, tua ubavuni mwake, mbele kidogo.

Fungua milango na uikabe kwa kiatu, kwa sababu bodi ikipinda hukwama. Flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) digrii 10, fundo 60, ndege ikae sawa hadi iguse maji. Usiinue pua mapema: itaishiwa mwendo na kuanguka. Bahari ikiwa shwari kama kioo, jicho hudanganyika kuhusu kimo, basi shuka taratibu bila kubahatisha.

Magurudumu yatanasa na ndege huenda ikapinduka. Mkanda usifunguliwe mpaka mtikiso wote uishe. Mkono mmoja ushike mlango muda wote, ndio utakaokuonyesha njia ukiwa kichwa chini. Mlango ukigoma, fungua dirisha maji yaingie, shinikizo lilingane.

Jaketi lijazwe nje tu. Ngazija, visiwani Komoro, Novemba 1996, Boeing 767 ya shirika la Ethiopian Airlines ilipoanguka baharini, kuna abiria waliojaza majaketi ndani, yakawabana darini maji yalipopanda.