Namna ya Kupanga Maisha ya Kila Siku kwa Wanandoa Vijana Katika Mji Mdogo

Wanandoa vijana wanaoanzia maisha katika mji mdogo hupata kwa urahisi mambo ambayo wenzao wa miji mikubwa huyahangaikia: safari ya kwenda kazini ni fupi, jirani anajulikana kwa jina, na mmoja akiugua usiku hakosekani mtu wa kugongewa mlango. Lakini watu hao hao walio karibu ndio wanaojua kwamba mume jana alichelewa kurudi, kwamba mke amenunua kitu kipya, na kwamba wiki hii wawili hao hawakuonekana pamoja. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupanga kazi za nyumbani, fedha, jamaa, ugomvi na mapumziko ili nyumba ibaki ya wawili wenyewe, bila ya wao kujitenga na watu.

Mwaka 1957 mwanaanthropolojia Elizabeth Bott alichapisha matokeo ya utafiti wake juu ya familia 20 za London, na alichokiona kinafaa kufahamika na kila anayeishi mahali ambapo watu wanajuana. Pale ambapo ndugu, marafiki na majirani wa wanandoa walifahamiana pia wao kwa wao, mume na mke walielekea kuishi kila mmoja upande wake, na kazi zake na watu wake. Pale ambapo watu hao hawakufahamiana, mume na mke walifanya mambo mengi zaidi pamoja. Bott alieleza kwamba mtu aliyezungukwa na watu wanaojuana hupata kwao msaada na mazungumzo, tena hao hao humsukuma afuate mazoea yao, hivyo haja ya kumtegemea mwenzi wake hupungua. London si mji mdogo hata kidogo, lakini hali hiyo ya watu kujuana wote ndiyo hali ya kawaida ya mji mdogo. Ndiyo maana ninaamini kwamba wanandoa wa mji mdogo hawapaswi kungoja ukaribu uje wenyewe. Wautengee saa, mahali na utaratibu.

Kikao cha kila wiki

Chagueni muda mmoja wa kudumu katika wiki, wa dakika 30 hadi 45, ambao nyote wawili mko nyumbani, mmekwisha kula na hamjachoka. Simu ziwekwe kando. Watu waliozoea kupita bila taarifa waelezwe mapema, kwa upole, kwamba saa hiyo hampatikani, kwa sababu katika mji mdogo mlango uliofungwa huzua maswali, na ni heri kutoa maelezo mara moja kuliko kutafuta udhuru kila wiki. Muwe na daftari moja la nyumba ambalo kila mmoja anaweza kulifungua wakati wowote.

Anzeni kwa kila mmoja kutaja jambo ambalo mwenzake amelifanya vyema wiki hiyo, na alitaje kwa uwazi, si kwa shukrani za jumla. Watafiti wa Marekani John Gottman na Robert Levenson, waliowachunguza wanandoa kwa miaka mingi, waliona kwamba katika ndoa zilizo imara wenzi huonyeshana takriban mambo matano mema kwa kila moja baya, hata wakati wanapobishana. Baada ya hapo pitieni ratiba ya wiki inayokuja, kisha matumizi, kisha jambo moja gumu. Ninasisitiza liwe moja, kwa kuwa kikao kinachobeba malalamiko matano hugeuka mashtaka, na wiki inayofuata mmoja wenu atapata sababu ya kutokuwepo.

Kazi za nyumbani

Mwaka 1979 wanasaikolojia Michael Ross na Fiore Sicoly walichapisha utafiti ambao ndani yake mume na mke waliulizwa, kila mmoja kwa upande wake, ni sehemu gani ya kila shughuli ya nyumbani anayoifanya yeye. Kwa shughuli nyingi, majibu ya wawili hao yakijumlishwa yalizidi kazi yote iliyokuwapo. Sababu mojawapo ni kwamba mtu hukumbuka kwa wepesi kile alichokifanya mwenyewe, kwani alikuwapo alipokuwa akikifanya, ilhali kazi ya mwenzake huiona tu ikiwa imekwisha. Wanandoa wakiliweka hili akilini wataepuka mabishano mengi yasiyo na mwisho kuhusu nani anafanya zaidi.

Kwa hiyo msitegemee kumbukumbu. Kwa wiki moja nzima andikeni katika daftari kila kazi inayofanyika, na msiziache zile zisizoonekana: kujua kwamba sabuni inakaribia kwisha, kukumbuka tarehe ya kulipa kodi ya nyumba, kufuatilia miadi ya daktari, kufikiria chakula cha jioni kabla ya jioni kufika. Kazi hizi za kukumbuka na kutazamia ndizo zinazochosha kuliko zote, na mara nyingi humwangukia mmoja bila ya yeyote kuamua iwe hivyo.

Orodha ikikamilika, gawaneni kazi nzima nzima badala ya vipande. Aliyekabidhiwa nguo ndiye anayeangalia kama zimejaa, anayezifua au kupanga zifuliwe, anayezianua, anayezikunja na kuziweka mahali pake. Mpango ambao mmoja hungoja aambiwe la kufanya ni dhaifu, kwa sababu anayeagiza bado amebeba mzigo wa kuwaza kwa ajili ya wote wawili. Kubalianeni pia kiwango: jikoni safi ni jikoni ya namna gani, na ni usiku huo huo au kesho asubuhi? Mwenye kazi aachwe aifanye kwa njia yake mradi kiwango kimefikiwa, maana anayesahihishwa kila mara hatimaye huiacha kazi.

Jambo moja la mji mdogo litajitokeza hapa. Mume akionekana anaanika nguo, au mke akionekana juu ya ngazi anarekebisha paa, yapo maneno yatakayosemwa, na mengine yatasemwa na watu mnaowaheshimu. Jibu fupi, lisilo na ukali, kwamba ndivyo mlivyopangana, linatosha. La msingi ni kwamba jibu liwe moja kutoka kwa wote wawili, na asiwepo anayecheka pamoja na wasemaji ili kujinusuru.

Fedha

Kabla ya kutengeneza bajeti, andikeni mapato na matumizi yote kwa mwezi mmoja bila ya kujaribu kuyabadilisha. Kama kipato chenu hupanda na kushuka kwa msimu, bajeti ya mambo ya lazima ijengwe juu ya mwezi ulio dhaifu, na kinachozidi katika miezi mizuri kiende kwenye akiba kabla hakijazoeleka. Akiba ya dharura inayoweza kugharimia mahitaji ya lazima ya miezi mitatu ni lengo jema. Anzeni na la mwezi mmoja. Kila mmoja, hata asiye na kipato chake, awe na kiasi kidogo ambacho haulizwi amekitumiaje, na pawepo kiwango ambacho mtu hakivuki bila kushauriana na mwenzake.

Kununua kwa mkopo kunahitaji uangalifu wa pekee mahali ambapo mnajulikana, kwa sababu huko mkopo hutolewa kwa neno la mdomo na hakuna karatasi inayomkumbusha mtu. Deni liandikwe katika daftari siku ile ile. Mwenzi hapaswi kulisikia deni la nyumba yake kutoka kwa mtu wa nje. Jeraha linalobaki hapo mara nyingi huzidi deni lenyewe.

Maombi ya msaada kutoka kwa ndugu na marafiki ni sehemu ya maisha, na nyumba isiyosaidia mtu ni nyumba isiyoishi na watu. Njia iliyo salama ni kutenga kila mwezi kiasi maalumu cha kusaidia, na kikiisha kiwe kimeisha. Mtu yeyote kati yenu asitoe jibu papo hapo. Aseme kwamba atazungumza na mwenzake na ataje siku ya kujibu, na siku hiyo ajibu kweli. Jibu lolote, la ndiyo au la hapana, lipelekwe na yule ambaye mwombaji ni ndugu yake, ili mkwe asionekane kuwa ndiye aliyefunga mkono.

Mmoja akiwa mwenyeji na mwingine mgeni

Hali hii hutokea mara nyingi na huzungumzwa mara chache. Mmoja amezaliwa katika mji huo, amesoma huko, na kila anayekutana naye njiani anamjua tangu utotoni. Mwingine amekuja kwa sababu ya ndoa. Mwenyeji haoni tatizo kwa kuwa kwake hakuna kilichobadilika, lakini mgeni hujikuta akiitwa mke wa fulani au mume wa fulani, akikaa katika mazungumzo ya mambo yaliyotukia kabla hajafika, na akipimwa kwa vipimo ambavyo hakuna aliyemweleza.

Wajibu wa kurekebisha hali hii ni wa mwenyeji. Amtambulishe mwenzake kwa jina lake, na aongeze kazi yake au jambo analolijua vizuri, ili watu wapate mahali pa kuanzia mazungumzo. Amweleze mapema, wakiwa nyumbani, nani ana uhusiano gani na nani, ugomvi upi wa zamani usiguswe, na mzee yupi hupenda kusalimiwa kwanza. Asimwache peke yake katika kikundi asichokijua kwa zaidi ya dakika chache. Zaidi ya yote, akubali kwamba mwenzake anahitaji marafiki wasiopitia kwake: wa kazini, wa ibada, wa michezo, wa kikundi cha akiba. Mgeni naye achague shughuli moja ya kudumu na kuhudhuria kila inapofanyika, kwani katika mji mdogo urafiki hukua kwa kuonana mara kwa mara kuliko kwa kualikana. Wakwe wakiwa karibu, kila mmoja azungumze na wazazi wake mwenyewe panapokuwa na jambo la kurekebisha, kwa adabu na kwa niaba ya wote wawili.

Mambo ya ndani na mambo ya nje

Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini katika mji mdogo wengi hutamani kuijua. Kubalianeni waziwazi ni mambo gani hayatoki nje: ugomvi, mapato, masuala ya uzazi, afya ya mwenzi. Kubalianeni pia kwamba kila mmoja anaweza kuwa na mtu mmoja wa kumwomba ushauri, anayejulikana na mwenzake, na mwenye tabia ya kusahau anayoambiwa. Swali la lini mtapata mtoto litaulizwa na wengi. Jibu moja mlilolipanga pamoja humwondolea mke, ambaye ndiye anayeulizwa zaidi, mzigo wa kujieleza.

Faragha hii ina mpaka, nao ni lazima uandikwe kwa herufi nzito mioyoni mwa wote wawili: kipigo, vitisho, kulazimishwa na kunyimwa matibabu si siri za ndoa. Anayefanyiwa hayo ana haki ya kutoka, kumwambia mtu, na kutafuta ulinzi wa sheria siku hiyo hiyo, hata kama mji mzima utajua.

Mnapokosana

Sybil Carrère na John Gottman, katika utafiti wa wanandoa wapya 124 uliochapishwa mwaka 1999, walionyesha kwamba dakika tatu za mwanzo za mazungumzo juu ya jambo la ugomvi zilisaidia kutabiri ni wanandoa gani wangeachana katika miaka sita iliyofuata. Anayeanza mazungumzo, basi, ana kazi nzito. Ataje tukio moja, aseme lilivyomgusa, kisha aombe jambo linaloweza kufanyika. Kusema, “Jana ulikuja na wageni bila kunijulisha, nikajisikia vibaya kwa kuwa sikuwa nimejiandaa, naomba siku nyingine unipigie simu kwanza,” kunafungua mlango, lakini kusema, “Wewe hunijali kabisa,” kunamlazimisha mwenzako ajitetee.

Moyo ukianza kwenda mbio na sauti kupanda, simamisheni mazungumzo kwa dakika 20 au zaidi, maana mwili uliochemka hauwezi kusikiliza na huhitaji muda kutulia. Anayeomba mapumziko ataje saa ya kurudi, na arudi saa hiyo, vinginevyo mapumziko yatafanana na kususa. Asiende kupumzikia kwa ndugu zake, kwa sababu ninyi mtapatana kesho, ilhali wao watabaki na hasira ya leo.

Mapumziko na mabadiliko

Mji mdogo hauna mahali pengi pa kwenda, na wanandoa wengi hujikuta wakirudia jioni ile ile. Mwaka 2000 Arthur Aron na wenzake walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanandoa walifungwa pamoja kwa vifundo vya mikono na miguu, wakatambaa juu ya mikeka huku wakiubana mto kati yao bila kuushika kwa mikono, kwa dakika saba tu. Waliofanya zoezi hilo la ajabu waliuona uhusiano wao kuwa bora zaidi kuliko waliofanya zoezi la kawaida. Kilichosaidia ni upya na msisimko wa jambo lenyewe, na upya hauhitaji fedha: jifunzeni pamoja ufundi ambao hakuna kati yenu anayeujua, pandeni mmea ambao hamjawahi kuupanda, tembeeni njia ambayo hamjaipita. Jioni moja katika wiki iachwe kwa ajili hiyo, na nyingine iachwe ili kila mmoja awe na marafiki zake.

Mipango yote iliyotajwa hapa ipitieni upya kila baada ya miezi mitatu, na mara moja bila kungoja iwapo mmoja amebadilisha kazi, mimba imeingia, au mzazi amekuja kuishi nanyi. Fungueni ukurasa mpya wa daftari, andikeni kazi zote upya, na mgawane tena kuanzia mwanzo badala ya kuongeza kazi mpya juu ya mgao wa zamani.