Somo: Kuomba pensheni ya ulemavu kwa mgonjwa wa baridi yabisi, hatua kwa hatua

Nilifanya kazi miaka 14 kwenye ofisi ya utumishi ya kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Ilemela, Mwanza, na katika miaka ya mwisho vidole vyangu mwenyewe vilianza kuvimba, kwa hiyo fomu ninazozieleza hapa nimezijaza nikiwa pande zote mbili za meza. Nilichojifunza ni kwamba wengi wanaokosa pensheni ya ulemavu hawaikosi kwa sababu hawaumwi. Wanaikosa kwa sababu ya tarehe, na kwa sababu ripoti ya daktari imeeleza maumivu bila kueleza kazi ambayo mkono umeshindwa kuifanya.

Hatua ya kwanza: jua unabisha mlango upi

Mfanyakazi wa sekta binafsi, na aliyejiajiri akajiandikisha, yuko NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Mtumishi wa umma yuko PSSSF, mfuko ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Mlango wa tatu ni WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kazi tarehe 1 Julai 2015 na unahusika na ajali au ugonjwa uliotokana na kazi yenyewe. Baridi yabisi ni kinga ya mwili inayogeuka na kushambulia utando wa viungo, kwa hiyo ni vigumu kuthibitisha kwamba imeletwa na kazi, hata kama umesimama miaka kumi kwenye sakafu ya barafu na kila mtu nyumbani anaapa kwamba ni baridi ya kiwandani. Baridi hiyo inaongeza maumivu, lakini kuongeza maumivu na kusababisha ugonjwa ni mambo mawili tofauti. Goti lililoumia ulipoteleza kazini, kisha gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, ikaanza kulika, hilo ndilo la WCF. Somo hili linafuata njia ya NSSF kwa kuwa ndiyo inayowahusu wengi wetu wa viwandani, madukani na mahotelini.

Hatua ya pili: hesabu michango yako kabla ya kumwambia mtu yeyote lolote

Pensheni ya ulemavu ya NSSF hulipwa kwa mwanachama ambaye hajafikia umri wa kustaafu na amepoteza theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato kwa sababu ya ulemavu wa mwili au wa akili. Anatakiwa awe na michango ya miezi 180, au angalau miezi 36 ambayo ndani yake 12 imechangiwa mara tu kabla ya kupata ulemavu. Asiyefikisha masharti hayo hulipwa mkupuo badala ya pensheni ya kila mwezi.

Sharti la miezi 12 ya mwisho ndilo linalowaangusha watu. Omba taarifa ya michango yako, kisha kaa nayo mezani pamoja na karatasi zako za mshahara na ulinganishe mwezi kwa mwezi. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwako haitakiwi kuzidi nusu ya hiyo. Ukikuta mwezi uliokatwa lakini haukuwasilishwa, peleka nakala ya karatasi ya mshahara wa mwezi huo kwenye ofisi ya Mfuko na uandike barua, kwa sababu wakaguzi wao wana mamlaka ya kumdai mwajiri. Mimi nilikuta miezi mitano haipo. Nilipomuuliza mhasibu wetu alinijibu, “Itaingia tu, dada.” Iliingia baada ya barua yangu ya pili, wala si kabla.

Hatua ya tatu: usiandike barua ya kuacha kazi

Hatua hii naiandika kwa herufi za kawaida, lakini isomeni kana kwamba nimeipigia mistari miwili. Mgonjwa wa viungo huchoka, huona aibu kwa sababu wenzake wanambebea mzigo wake, mwisho anaandika barua ya kuacha kazi “kwa hiari yangu mwenyewe” na kurudi nyumbani Magu au Misungwi kutafuta dawa. Miaka miwili baadaye anasikia kwamba kuna pensheni ya ulemavu, ila sasa rekodi inaonyesha kwamba aliacha kazi akiwa mzima na kwamba hana mchango hata mmoja ndani ya mwaka uliotangulia.

Tumia kwanza likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Ukiwa ndani ya likizo hiyo ungali mwajiriwa, na huo ndio wakati wa kukusanya vipimo na kuanza maombi. Ajira ikibidi kuisha, iishe kwa barua ya mwajiri inayosema wazi kwamba sababu ni afya.

Hatua ya nne: ripoti ya daktari

Hapa ndipo nataka tukae. Nimeona ripoti nyingi zenye mstari mmoja: “Mgonjwa ana maumivu ya viungo ya muda mrefu, anaendelea na matibabu.” Ripoti ya namna hiyo haina uongo, lakini pia haimsaidii mtu. Wanaoamua hawaoni maumivu yako. Wanachokitafuta kwenye karatasi ni kama umepoteza theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia kipato. Kwa mfano, mtu aliyekuwa akipata shilingi 450,000 kwa mwezi, je, kwa mikono aliyonayo leo anaweza kupata zaidi ya 150,000?

Kwa hiyo mpelekee daktari maelezo ya kazi. Usitegemee kwamba daktari wa kliniki ya Bugando au Sekou Toure anajua mkata minofu hufanya nini. Mwambie, na ikiwezekana mpe barua ya kiwanda inayoeleza: kusimama zamu nzima kwenye sakafu yenye maji, kushika kisu chembamba kwa nguvu, kumgeuza sangara aliyetoka kwenye barafu, kurudia mwendo uleule wa kifundo cha mkono tangu zamu inaanza hadi inakwisha. Kisha mweleze ni lipi kati ya hayo limekushinda, na tangu lini.

Mimi nilianza daftari la kawaida la shule. Kila siku niliandika mistari mitatu: niliamka saa ngapi na vidole vikalainika saa ngapi, ni jambo gani nilishindwa, nilimeza dawa gani. Nikilisoma leo naona mambo madogo ambayo kliniki nisingeyakumbuka: kwamba nilimwita mtoto wa jirani anifungulie kifuniko cha chupa ya mafuta, kwamba kanga ilinidondoka kwa sababu sikuweza kuikaza fundo, kwamba nilishuka Buzuruga badala ya kituo changu kwa kuwa sikuweza kushika bomba la daladala lililojaa. Daktari alilisoma kurasa chache, na ripoti aliyoandika safari hiyo ilikuwa na mambo matano ambayo ile ya kwanza haikuwa nayo: jina la ugonjwa na tarehe ulipogunduliwa, vipimo vya damu na picha za eksirei, dawa zilizojaribiwa na kwa muda gani, ukakamavu wa asubuhi unaodumu kwa muda wa saa mbili, na sentensi moja isemayo kwamba kazi ya kushika na kuandika siku nzima sitaweza kuirudia.

Kuhusu dawa, daktari akikuandikia methotrexate, fahamu kwamba kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kuimeza kila siku ni hatari kubwa. Nalitaja pia kwa sababu ya maombi: faili linaloonyesha mgonjwa anaruka kliniki na kuacha dawa humpa anayeamua sababu ya kusema kwamba hali hiyo bado ingeweza kutibika. Kama uliacha kwa kukosa nauli ya kivuko kutoka Ukerewe au kwa sababu dawa ilikutapisha, sema, ili iandikwe.

Hatua ya tano: fomu na majina

Fomu yenyewe si ngumu. Linalorudisha watu ni majina. Sisi huku kwetu r na l tunazibadilishana bila kujali, na karani aliyekuandikisha mwaka 2006 huenda aliandika Magereja huku kitambulisho chako cha taifa kikisema Mageleja. Hakikisha kitambulisho, kadi ya Mfuko, akaunti ya benki na faili la hospitali vinaelewana. Visipoelewana, nenda kwa wakili ukaape kiapo cha majina kabla ya kupeleka fomu. Piga nakala za kila kitu, na siku ya kukabidhi omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Hatua ya sita: siku ya kuonana na bodi ya madaktari

Heshima yetu ndiyo inayotuangusha siku hiyo. Mgonjwa ameoga, amejipaka mafuta, amevaa gauni la kanisani. Daktari anamuuliza, “Hujambo mama?” Naye anajibu, “Sijambo, namshukuru Mungu.” Anaulizwa, “Unaendeleaje?” Anajibu, “Naendelea vizuri.” Salamu ni salamu, itikia, lakini daktari akishafungua faili, salamu zimekwisha, na kuanzia hapo “vizuri” ni ushahidi. Eleza siku yako mbaya na siku yako nzuri, na useme ni ngapi za kila aina kwa wiki. Usiache dawa ili uonekane umezidiwa, wala usiigize. Kama umeitwa saa sita mchana, wakati viungo vimeshalainika, waambie kwamba ungewaona saa kumi na mbili asubuhi usingeweza kufunga kifungo.

Pensheni ikikubaliwa, Mfuko unaweza kuagiza upimwe tena baadaye, kwa hiyo kliniki na daftari viendelee.

Maswali ya wasomaji

Swali (mama wa Igoma): Shikamoo dada. Meneja ananiambia niandike barua ya kuacha kazi, watanipa kifuta jasho. Mikono yangu haifai tena kwa kazi ile, hilo ni kweli. Nisaini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usisaini. Kama mikono haifai, mwajiri anatakiwa kwanza akushirikishe, aangalie kama ipo kazi nyepesi unayoweza, na ikishindikana ndipo ajira isitishwe kwa sababu ya afya, kwa maandishi. Wakikuachisha bila kufuata utaratibu huo, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hizo siku 30 huhesabiwa tangu kuachishwa, si tangu ulipopata ushauri.

Swali (kijana wa Buhongwa): Mimi niliacha kazi ya hoteli mwaka 2021 nikiwa na michango ya miaka tisa. Nimesoma hatua ya tatu nikaona ndio mimi kabisa. Imeshakula kwangu?

Jibu: Si lazima, kaka. Miaka tisa ni miezi 108, kwa hiyo 36 unayo. Kinachobaki ni tarehe ya ulemavu. Rudi hospitali ulikotibiwa wakati huo na uombe muhtasari wa faili lako la 2020 na 2021. Ikiwa faili linaonyesha kwamba tayari ulikuwa huwezi kazi ulipokuwa bado unachangia, una hoja ya kusimamia. Ikiwa ugonjwa ulianza baada ya kuacha, tarajia mkupuo. Jambo moja: usikubali mtu akuandikie tarehe ya uongo, maana faili la hospitali litakusuta.

Swali (mzee wa Mwaloni, Kirumba): Mimi nilikuwa nabeba dagaa maisha yangu yote, sijawahi kukatwa hata senti. Magoti yamekwisha. Kuna chochote?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Pensheni ya NSSF bila michango haipo, na nisingependa ulipe nauli kuambiwa hivyo dirishani. Kuna njia mbili za kujaribu. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa kuhusu mpango wa TASAF wa kaya maskini, ingawa unaangalia hali ya kaya nzima, hautazami magoti peke yake. Ya pili ni mikopo ya halmashauri isiyo na riba: asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Mwone ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Ule ni mkopo, unarudishwa, kwa hiyo ukifungua biashara nao uwe na kijana wa kukusaidia kuisimamia.

Swali (binti wa Sengerema): Mama ni mwalimu wa msingi, ana baridi yabisi, hawezi kushika chaki. Naye hataki kabisa kuitwa mlemavu. Tunaanzia wapi?

Jibu: Mama yuko PSSSF, na maombi yake yanaanzia kwa mwajiri, yaani ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri, ambayo ndiyo itakayompeleka kwenye bodi ya madaktari. Hatua ya nne na ya sita zinamhusu kama zilivyo. Kuhusu jina, mwambie kwamba fomu haimwulizi yeye ni nani. Inauliza kama anaweza kuandika ubaoni vipindi vyote vya siku. Mkae naye jioni moja mjaze daftari la wiki mbili, wewe ukiandika na yeye akisimulia, kwa sababu kalamu nayo itamshinda.