Jinsi ya Kuiga Mtawanyiko wa Mawimbi ya Uso kwenye Fuwele ya Lithiamu Niobati

Vichujio vingi vya simu za mkononi hutumia mawimbi ya mtikisiko yanayosafiri juu ya uso wa fuwele ya piezoelektriki (inayozalisha umeme ikibanwa, na kutikisika ikipewa umeme), na kila ukanda wa alumini uliotandazwa juu yake huyaakisi kidogo. Ni afadhali modeli ianze na ukanda mmoja na fuwele iliyo chini yake, si kifaa kizima chenye mamia ya kanda.

Chukua lithiamu niobati ya mkato wa nyuzi 128, yaani iliyokatwa kwa pembe hiyo kulingana na mihimili ya fuwele, ambayo wimbi lake la uso huenda kwa takriban mita 3,980 kwa sekunde. Kanda zikipangwa kila mikromita 2, wimbi linaloakisiwa kwa nguvu zaidi ni la mikromita 4, yaani karibu megahezi 995, ingawa uzito wa alumini utaishusha frikwensi hiyo kiasi.

Penye kuhitaji uangalifu kuliko pote ni uzungushaji wa mihimili. Jina la mkato huhesabiwa kutoka mhimili Y, ilhali pembe za Euler (pembe tatu zinazoieleza programu jinsi fuwele ilivyozungushwa) za mkato huohuo ni (0°, 38°, 0°). Anayeandika 128 mahali pa 38 atapata matokeo yanayoonekana safi kabisa, lakini ni ya mkato mwingine. Kwa hiyo kokotoa kwanza kasi kwenye uso mtupu, na usiweke alumini mpaka kasi hiyo ikubaliane na ile inayojulikana. Hata modeli ikiwa ya pande mbili, bakiza misogeo ya fuwele katika mielekeo yote mitatu, kwa kuwa fuwele hii huiunganisha. Kina cha urefu wa mawimbi matano kinatosha, na wavu wa vipande vidogo ambavyo modeli hugawanywa uwe na vipande vidogo zaidi kwenye kingo za ukanda, ambako chaji hurundikana.

Sasa weka masharti ya mipaka yanayofanya thamani za upande mmoja wa kipande hicho cha ukanda mmoja ziwe kinyume (jumlisha kuwa kutoa) za upande wa pili, kisha tafuta frikwensi asilia. Utapata mbili zilizokaribiana, ambazo ni kingo za bendi iliyozuiwa, yaani masafa ya frikwensi ambayo kanda huyaakisi badala ya kuyapitisha. Gawanya tofauti yao kwa jumla yao, zidisha kwa π, na hicho ndicho kiwango cha uakisi cha ukanda mmoja. Rudia hesabu kanda zikiwa zimeunganishwa kwa volteji sifuri, na tena zikiwa huru na jumla ya chaji sifuri, kwani majibu hutofautiana.

Kiwango kikiwa 0.02, kanda 100 huakisi tanh(100 × 0.02), yaani tanh(2) (tanh ni kitendakazi cha hisabati kilichopo kwenye kikokotoo), sawa na 0.96 ya ukubwa wa wimbi, na takriban 0.93 ya nishati yake. Linganisha na modeli ya kanda zote yenye tabaka la kufyonza mawimbi chini na pembeni. Nishati iliyoakisiwa ikijumlishwa na iliyopita itapungua kidogo chini ya 1, kwa sababu sehemu yake hutawanyika kuingia ndani ya fuwele; ikizidi 1, kagua kwanza tabaka la kufyonza, maana huenda linarudisha mawimbi.