Kuhesabu kwa Korija: Namna ya Kuchunguza Nambari Nzima katika Misingi Mbalimbali

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba nambari hugawanyika kwa 9 iwapo jumla ya tarakimu zake inagawanyika kwa 9 huishia kuamini kuwa hiyo ni siri ya 9 yenyewe. Sivyo. Kanuni hiyo inatokana na mazoea yetu ya kufunga vitu kumi kumi, na njia nyepesi ya kulitambua hilo ni kuyaacha makumi na kuhesabu kwa korija, kama zinavyohesabiwa boriti za mikoko hapa Mombasa, korija moja ikiwa ni boriti ishirini.

Chukua boriti 487. Zigawanye kwa 20: utapata korija 24, na boriti 7 zitabaki. Gawanya 24 kwa 20 tena: utapata fungu kubwa 1 la korija ishirini, yaani boriti 400, na korija 4 zitabaki. Fungu hilo 1 halitoshi kugawanywa kwa 20, kwa hiyo lihesabu kuwa baki la mwisho. Soma mabaki kuanzia la mwisho hadi la kwanza, nawe utaandika 1-4-7. Vistari hivyo ni vya lazima, kwa sababu msingi wa ishirini una tarakimu ishirini, kuanzia sifuri hadi kumi na tisa, na pasipo vistari msomaji hawezi kujua kama 14 ni tarakimu moja au mbili.

Sasa jumlisha tarakimu: 1 + 4 + 7 = 12. Kisha gawanya 487 kwa 19, na baki ni 12 vilevile. Ukitaka kujua sababu, rudi kwenye boriti zenyewe. Katika kila korija ondoa boriti 19, na itasalia boriti 1; katika fungu la 400 ondoa 19 mara 21, na hapo pia itasalia boriti 1. Kila fungu, liwe dogo au kubwa, huacha boriti moja tu, na ndiyo maana kujumlisha tarakimu kunatosha. Jumla ikizidi 19, igawanye nayo kwa 19. Katika makumi, anayeshika nafasi ya 19 ni 9, na 3 hunufaika pamoja naye kwa kuwa ni kigawo chake.

Kwa nambari inayouzidi msingi kwa moja, toa na ujumlishe kwa zamu kuanzia kulia: 7 − 4 + 1 = 4, na 487 ikigawanywa kwa 21 baki ni 4.

Wengi hukosea kwenye shufwa na witiri. Katika msingi wa saba, 487 huandikwa 1264, nayo inaishia na 4 ingawa ni witiri. Msingi ukiwa witiri, usiitazame tarakimu ya mwisho peke yake, bali jumlisha zote: 1 + 2 + 6 + 4 = 13, ambayo ni witiri.

Yapo pia yasiyotegemea maandishi hata kidogo. Iandike 487, 1-4-7 au 1264, nambari hiyo ni tasa, kwani boriti hizo haziwezi kupangwa katika safu zinazolingana isipokuwa zote zilazwe safu moja, au kila boriti iwe safu yake.