Kwa Mchungaji Uliyebarikiwa Juzi: Mwaka Wako wa Kwanza Usharikani

Siku ya kuingizwa kazini kutakuwa na kwaya tatu, mkuu wa jimbo la Kanisa, pilau na mbuzi wa zawadi. Kesho yake utabaki wewe na rundo la funguo. Anza na hizo funguo.

Nilibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 2009, nikapangiwa usharika wa kijijini huku Njombe wenye mitaa minne, yaani vituo vinne vya ibada, ule wa mbali ukiwa kilomita 17 za barabara ya udongo mwekundu. Ninapohudumu sasa ni usharika wangu wa tatu. Makumira, chuo chetu cha Kilutheri, walinifundisha Kigiriki, historia ya Kanisa na namna ya kuandaa mahubiri, nami nawashukuru kwa dhati, maana yote nayatumia hadi leo. Haya ninayokuandikia nilifundishwa na wazee wa kanisa, wainjilisti na wajane.

Kwanza makabidhiano. Usitie saini kitu ambacho hujakishika mkononi. Mwenzako anayehama atakuwa na haraka, gari la mizigo limeshafika na watoto wanalia, na wewe utaona aibu kumchelewesha. Mcheleweshe. Mwombe katibu na mweka hazina wakae nanyi, mfungue kabati moja baada ya jingine. Kitabu cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa na cha mazishi: fungua kila kimoja ukurasa wa mwisho ulioandikwa, uandike namba ya mwisho. Kisha muhuri, hati ya kiwanja, na majina ya watia saini benki. Kiwanja chenyewe katembee mipaka yake na mzee anayeijua.

Mimi nilihesabu vikombe vya Meza ya Bwana kwa uangalifu mkubwa, nikasahau vitabu vya stakabadhi. Miezi minane baadaye mkaguzi akauliza kimoja kiko wapi. Saini ya kukipokea ilikuwa yangu. Kilikuja kupatikana nyumbani kwa mtu aliyewahi kutunza hazina, hakijachanwa hata karatasi moja, lakini wiki tatu nzima nilikuwa nikipita sokoni watu wananyamaza. Hesabu stakabadhi, zilizotumika na zisizotumika, namba kwa namba.

Wiki hiyohiyo nenda kwa wainjilisti wako. Wafuate kwao, usiwaite ofisini. Mwinjilisti wa mtaa wangu wa mbali alikuwa na miaka 22 kazini na posho ambayo naona haya kuitaja. Yeye ndiye anayesimama mbele ya wale Wakristo karibu kila Jumapili. Wewe unafika kutoa Sakramenti na kuondoka. Usimfanye mbeba begi. Kabla hujapanga chochote mwulize nani anaumwa, nani amefiwa, na akina nani hawasalimiani. Kisha pangeni pamoja ratiba ya Sakramenti ya miezi mitatu, mwibandike kwenye mlango wa kila mtaa, na usiivunje. Mtaa ukikosa Meza ya Bwana mara mbili kwa sababu mchungaji alialikwa harusi mjini, hausahau.

Wakati wa masika usijidanganye kwamba pikipiki itapita Jumapili asubuhi. Toka Jumamosi, ulale hukohuko. Jioni mkiwa jikoni, viazi vinachomwa kwenye majivu, ukishajibu vizuri salamu yao ya "kamwene" hata kama kilugha chako ni cha kubahatisha, utaambiwa mambo ambayo kwenye baraza la wazee hayatatajwa mwaka mzima.

Sasa msiba. Hapa nitakaa kidogo.

Msiba wangu wa kwanza ulitokea wiki ya pili. Ilikuwa Julai, baridi yetu mnaijua, umande umeganda mweupe kwenye majani. Nilifika na mwinjilisti, tukakuta akina mama wamejaa kwenye mikeka wakiimba. Nilikuwa na daftari mkononi. Nikiwa bado nimesimama, nikamwuliza mzee wa kanisa aliyekuja kutupokea, "Marehemu alikuwa anashiriki Meza ya Bwana?" Nilidhani huo ndio utaratibu. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Mwinjilisti akanishika kiwiko, akasema polepole, "Mchungaji, tukae kwanza."

Tukakaa. Mama mmoja alisogeza miguu yake kunipa nafasi mkekani, bila kunitazama. Wakaanza tena kuimba. Ilipita kama nusu saa, ndipo mjane mwenyewe akaanza kusimulia: mumewe alitengwa na Kanisa miaka sita nyuma alipooa mke wa pili, mke yule alishaondoka, Pasaka iliyopita mzee aliomba kurudi kundini, lakini mchungaji aliyenitangulia akahama kabla shauri halijakwisha. Yote niliyotaka kuyajua yalikuja bila swali, tena yalikuwa kamili kuliko yaliyokuwa kwenye kitabu. Nikatoka nje, nikampigia simu mkuu wa jimbo, nikamweleza habari ya lile ombi la Pasaka. Tulimzika mzee yule kwa ibada kamili.

Kwa hiyo ukifika msibani, kaa. Daftari libaki kwenye begi. Kunywa chai ukipewa. Baadaye mwite pembeni msemaji wa familia, umwulize mambo matatu: jina la ubatizo la marehemu na jina analojulikana nalo kijijini (yasome yote mawili, la sivyo nusu ya waombolezaji hawatajua unamzika nani), nani anasubiriwa kutoka mbali na atafika saa ngapi, na nani atasoma historia ya marehemu. Huyo msomaji mwombe akuonyeshe karatasi kabla ya ibada. Familia nyingi zina mtoto wa nje, na mtoto huyo huwa amesimama palepale akisikiliza kama jina lake litatajwa.

Kuhusu waliotengwa, dayosisi yako ina utaratibu. Usome sasa, kabla hujaitwa, maana usiku wa manane hutakuwa na muda wa kuutafuta. Usiamue peke yako mbele ya jeneza, iwe kwa ukali au kwa huruma. Namba ya mkuu wa jimbo unayo. Ila hakuna utaratibu wowote unaokukataza kukaa na wafiwa. Hilo ni lako daima.

Na urudi. Ndugu wa Dar es Salaam wakishapanda basi, sufuria zikisharudishwa kwa majirani, ndipo mjane anakuwa peke yake. Pita siku hiyo, bila kanzu.

Begi la wagonjwa liwe tayari saa zote: kikombe kidogo, mkate, divai, stola, kitabu cha nyimbo, tochi. Ukimaliza kulitumia, lijaze usiku huohuo kabla hujalala.

Mahubiri nisikuchoshe. Dakika 20 zinatosha. Kigiriki chako kifanye kazi mezani kwako, mimbarini upande na kile ulichokipata.

Fedha za ibada usizishike. Ziache zihesabiwe na wazee wawili au watatu pamoja na mweka hazina, waandike, watie saini, nawe usaini mwishoni ukiwa umeona. Kuna jambo jingine ambalo sikuambiwa na mtu, ni la mnada. Baada ya ibada vitu vya sadaka vinauzwa pale nje: jogoo, mayai, debe la mahindi. Jumapili yangu ya tatu nilitaja bei ya jogoo mmoja mwekundu. Watu wote wakanyamaza. Kwa heshima hakuna aliyetaja bei ya juu kuliko yangu, nikampata kwa robo ya bei yake. Nilipomfikisha nyumbani ndipo nikaelewa kuwa nimelipunja Kanisa mbele ya macho ya Kanisa. Jumapili iliyofuata nilileta tofauti ya bei kwenye bahasha, na tangu hapo kuku wangu nanunua sokoni. Kama unataka kuuchangamsha mnada, nunua kitu kisha ukirudishe kiuzwe tena.

Kipaimara usikiachie mwinjilisti chote. Fundisha wewe walau somo moja kwa wiki. Mwaka 1528 Luther alizunguka sharika za Saxony akakuta watu hawajui hata Sala ya Bwana, na wachungaji wengine hawawezi kufundisha; mwaka uliofuata, 1529, akatoa Katekisimu Ndogo. Mimi husisitiza kwamba alikwenda kuona kwanza. Waulize watoto wako wa kipaimara wanachokijua kabla hujaanza kuwamiminia.

Sasa nikugeukie wewe dada yangu. Mkutano Mkuu wa Kanisa letu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ulikubali wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji mwaka 1990, na hadi leo bado utaitwa "mama mchungaji" kana kwamba mchungaji ni mumeo. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Wageni walikuwa wakifika wanampa mkono kwa unyenyekevu, "Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji," naye anaitikia "Amen," kisha anawaonyesha mimi: "Mchungaji ni huyu." Alirudia hivyo miaka minne bila kununa, na heshima niliyonayo kwake siwezi kuieleza hapa. Ongea na mwenzako mapema juu ya jambo hili, maana litamchosha kabla yako.

Katika mtaa mmoja kulikuwa na baba aliyebaki kwenye benchi kila nilipotoa Sakramenti. Sikumsema mimbarini, wala sikumpelekea wazee. Nilimsalimia kila nilipofika, nikamuuguzia mkewe alipolazwa. Hadi nahama, hakuwahi kuja mezani. Wa namna hiyo utampata, na ni kondoo wako kama wengine.

Mwisho, nunua kaunta buku la kwaya tatu, lile daftari nene, ligawe miezi kumi na miwili. Kila msiba uandike kwenye mwezi wake: jina, tarehe, aliyebaki nyumbani, njia ya kufika. Mwaka ukizunguka, fungua ukurasa wa mwezi ule, upite. La kwangu la kwanza lilijaa mwaka 2012. Ukurasa wa Julai unaanza na yule mjane. Kila Julai, muda wote niliokuwa pale, nilikwenda kwake. Alikuwa akinitandikia mkeka ule ule kwenye jua la asubuhi, na nilikuwa nimeshajifunza kukaa kabla ya kusema neno.